Mshahara wa mwezi ulipokatika: kuipanga upya nyumba inayoishi kwa pesa ya siku

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya Marekani kwa siku 90, na kabla mwezi huo haujaisha barua za kusimamisha kazi zilikuwa zimekwishafika katika ofisi za miradi ya afya nchini Tanzania, hasa ile ya VVU iliyokuwa ikifadhiliwa kupitia USAID, shirika la misaada la Marekani. Mimi nilikuwa afisa takwimu katika mradi mmojawapo hapa Dar es Salaam. Wengi wetu tulidhani ni likizo ya lazima na kwamba siku 90 zikipita tutarudi mezani. Zilitangulia barua za kusitisha mikataba, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID yenyewe ikaacha rasmi kuendesha misaada. Sikufukuzwa kwa kosa, na hapakuwa na bosi wa kumlaumu. Kilichobaki ni nyumba yenye watoto wawili, mume ambaye ni fundi umeme wa kujitegemea, na matumizi yaliyopangwa kana kwamba tarehe 25 ya kila mwezi itakuja daima na kitu mkononi.

Ushauri unaomiminika kwa mtu aliyepoteza kazi karibu wote unahusu kiasi: punguza nyama, punguza bando, zima taa. Haukosei, lakini haugusi kiini cha jambo. Nyumba yetu ilikuwa na aina mbili za pesa. Mshahara wangu ulikuja kwa fungu, na kwa hiyo ulibeba vitu vinavyodaiwa kwa mafungu: kodi ya nyumba ya miezi sita, ada inayolipwa kwa awamu nne, rejesho la mkopo, bima. Pesa ya mume wangu ilikuja kwa siku, leo elfu arobaini, kesho hakuna, na kwa hiyo ndiyo iliyonunua mboga, unga, nauli na umeme wa LUKU. Mshahara ulipokatika, chakula hakikutoweka mezani hata siku moja, na hilo lilitudanganya kidogo. Kilichokuwa kimekufa ni uwezo wa kukusanya fungu. Kaya inayopata elfu ishirini au thelathini kwa siku inaweza kushiba vizuri kabisa na bado ikatolewa vyombo nje, kwa sababu mwenye nyumba hapokei elfu ishirini ishirini. Tangu nilipoliona hilo, kila hatua ya kubana matumizi au kutafuta kipato nimeipima kwa swali moja: je, inavunja fungu kubwa liwe vipande vinavyolipika, au inakusanya vipande viwe fungu? Kama haifanyi lolote kati ya hayo mawili, huwa ni kujitesa tu.

Niongeze neno kuhusu sisi watu wa miradi, maana tuna ugonjwa wetu. Mshahara tulikuwa tunautaja, posho za safari hatukuzitaja, na kumbe posho ndizo zilizokuwa zinaendesha maisha. Semina ya siku tano Dodoma ilinunua jokofu. Zoezi la uhakiki wa takwimu mikoani lilinunua kochi. Kwa hiyo mtu anayekaa na karatasi kupanga bajeti mpya kwa kutazama hati ya mshahara pekee anajidanganya. Aandike pia kila kitu kilichonunuliwa kwa posho mwaka uliopita, ndipo atajua pengo halisi lina ukubwa gani.

Kabla ya kupunguza chochote, chukua kilicho chako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa na ashauriane nao kabla, na anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo yake. Juu ya hapo kuna mshahara wa siku ulizokwishafanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuitumia, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka kumi. Kiasi hicho si kikubwa: aliyefanya kazi miaka sita anapata mshahara wa siku 42, na ni wa msingi, bila marupurupu. Ukiona umeachishwa isivyo halali, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo hupita haraka sana kwa mtu ambaye bado anapokea simu za pole.

Fungu lenye faida zaidi, na ambalo wengi hawalijui, ni fao la kukosa ajira la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na kupoteza kazi bila kujiuzulu hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Maneno "bila kujiuzulu" ndiyo yanayopaswa kuandikwa ukutani. Wapo waajiri wanaomwita mfanyakazi faragha na kumwomba aandike barua ya kuacha kazi mwenyewe "ili mambo yaende vizuri", na mtu kwa heshima na kwa aibu akaandika. Barua hiyo inamfuta kwenye fao. Kwetu theluthi hiyo ya mshahara ilikuwa ndiyo daraja: ilikuja kwa mwezi, kama mshahara, na kwa hiyo tuliizuia isiguse jikoni hata kidogo. Yote ilikwenda kwenye vile vinavyodaiwa kwa mafungu.

Mwenye mkopo wa mshahara benki na aende benki mwenyewe kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, aombe marejesho yapangwe upya, na asome mkataba wake ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu baadhi ya mikopo hiyo ina bima inayogusa kupoteza ajira na hakuna ofisa atakayekukumbusha usipouliza. Tukishatoka hapo, tuhesabu mafungu ya nyumbani.

Kodi yetu ni shilingi 300,000 kwa mwezi na tulikuwa tunalipa miezi sita kwa pamoja, yaani 1,800,000. Wenzangu kadhaa walikimbilia kuhama, na wapo waliofanya vyema, lakini kuhama Dar es Salaam kuna gharama zake: dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, gari la mizigo linataka lake, na mwenye nyumba mpya naye anataka miezi sita. Sisi tulimwendea mama mwenye nyumba wote wawili, wiki kadhaa kabla ya muda kuisha, tukamweleza hali ilivyo bila kuipaka rangi. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi mpangaji anayelipa kwa shida ni bora kuliko nyumba tupu yenye popo." Tukakubaliana miezi mitatu mitatu. Halafu mume wangu, ambaye kwa mambo haya ni mwepesi kuliko mimi, akauliza nani anamtengenezea umeme katika nyumba zake nyingine. Alibadilisha nyaya na swichi za nyumba mbili, na ufundi wake ukakatwa kwenye kodi. Hapo kazi ya siku iligeuka kuwa fungu bila kupita mfukoni, ambako ingeliwa.

Ada ndiyo iliyotuumiza kichwa. Watoto wote wawili walikuwa shule binafsi ya Kiingereza, ada 2,400,000 kwa mwaka na basi la shule 800,000, kwa kila mmoja. Mkubwa alikuwa darasa la saba na mtihani wa taifa ulikuwa Septemba, tulimwacha amalize. Mdogo tukamhamishia shule ya serikali iliyo umbali wa kutembea kwa miguu. Elimu bila ada ipo tangu mwaka 2016, lakini michango ya chakula, mlinzi na masomo ya ziada ipo pia, na uzuri wake ni kwamba inalipwa kidogo kidogo, kwa hiyo inaendana na pesa ya siku. Anayewaza kuhamisha mtoto asingoje deni lirundikane. Uhamisho hupitia mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na shule inayodai ada haina haraka ya kumwachilia mwanafunzi. Kuhusu Kiingereza cha mtoto, nina maoni yangu ambayo ndugu wengine hawayapendi: mtoto anayesomewa nyumbani hapotezi Kiingereza kwa kuvaa kaptula ya bluu.

Dada aliyekuwa anatusaidia kazi za nyumbani tulimwambia ukweli mapema, tukampa mwezi mzima wa notisi na nauli ya kurudi kwao, na nikampigia simu rafiki yangu mmoja aliyekuwa akitafuta msaidizi. Naitaja habari hii kwa sababu katika orodha za kubana matumizi huandikwa kwa mstari mmoja, kana kwamba anayepunguzwa si mfanyakazi. Barua iliyotoka Washington ilimfikia na yeye.

Kwenye chakula, tulichukua sehemu ya malipo ya mwisho tukaenda Tandale, kwenye maghala ya nafaka, tukanunua gunia la mchele la kilo 100 kwa 260,000. Dukani mtaani kwetu kilo ilikuwa 3,000. Tofauti ya 400 kwa kilo ni elfu arobaini kwa gunia, ila faida iliyonishawishi zaidi ni nyingine: siku ambayo mume wangu hapati kazi, wali upo. Mafuta tulichanga na majirani wawili, tukanunua dumu la lita 20 na kugawana, badala ya kununua ya kupimiwa. Unga hatukuweka akiba kubwa, kwani joto la Dar na wadudu vinakula faida yote.

Bima ya afya ilikoma pamoja na ajira, na sina busara nyingi ya kutoa hapo zaidi ya hii: matibabu yasiyo ya haraka, miwani na meno yafanyike wakati kadi bado inasoma.

Sasa nifike kwenye jambo lililobadilisha nyumba yetu kuliko yote, nalo lilianzia kwenye maharage. Tulikuwa na jiko la presha la umeme, mojawapo ya zawadi za posho, ambalo lilikaa juu ya kabati kwa kuwa sote tuliamini umeme ni ghali. Siku moja mume wangu aliniambia nilete kilo moja ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha, akasoma uniti kwenye mita ya LUKU, akazima jokofu na kila kitu kingine, akapika, akasoma tena. Haikufika uniti moja. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, uniti pamoja na kodi zake ilikuwa takriban shilingi 356. Kopo la mkaa mtaani kwetu lilikuwa 2,000, na kwa maharage makavu lilikuwa linakwisha. Tulikuwa tukiogopa umeme huku tukichoma mara tano yake kwenye mkaa.

Akili ya takwimu ikafanya kazi yake. Kama sisi, ambao jiko tulikuwa nalo, tulikuwa tunatumia mkaa, basi jirani asiyekuwa nalo, anayerudi kutoka kazini saa moja jioni kwa daladala, hana muda wala mkaa wa kuchemsha maharage kwa muda wa saa tatu. Nikaanza kuuza maharage yaliyokwishachemshwa, kikombe 500, kuanzia saa kumi na moja jioni barazani. Kilo moja kavu iliyonunuliwa 3,000 hutoa vikombe kumi na viwili, yaani 6,000. Ukitoa umeme na mifuko inabaki zaidi kidogo ya 2,500. Kilo nne kwa siku zinaleta kama elfu kumi. Si pesa ya kumtambia mtu, lakini haina deni nyuma yake, haina banda, na kisichouzwa tunakila.

Nilifika hapo baada ya kukataa kuku. Kila anayepoteza kazi Dar huambiwa afuge kuku wa nyama, na nilikaribia kukubali mpaka nilipokaa na kalamu. Vifaranga 100 kwa 1,900 ni 190,000. Kila kuku hula kama kilo tatu na nusu hadi siku ya kuuzwa, takriban 5,000. Chanjo za mdondo na gumboro, vitamini, maranda na mkaa wa kuwapasha joto ni kama 40,000 kwa bahati nzuri, yaani kama hawakuugua. Wakifa watano tu wakiwa wadogo, unabaki na 95 walioingia gharama ya 705,000, na mnunuzi wa jumla anayejua kwamba kila siku ya ziada ni chakula cha ziada atakupa 8,000. Unapata 760,000. Kinachobaki ni 55,000 kwa wiki tano za kulala nusu usingizi, bila kuhesabu banda. Anayeuza rejareja kwa wateja wake mwenyewe hesabu yake ni nyingine, na wapo wanaofanikiwa, lakini mtu anayeingiza kiinua mgongo chote kwenye kuku wa kwanza maishani mwake anachukua fungu lake la mwisho na kulivunja kwa dau lenye faida ya karibu asilimia nane.

Mwenye biashara ndogo ya namna hii ajue pia kwamba Mamlaka ya Mapato, TRA, hutazama mauzo, si faida. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Yakizidi, mwenye kutunza kumbukumbu hulipa kwa hesabu iliyo nafuu kuliko asiyetunza. Namba ya mlipakodi hutolewa bure. Daftari langu la maharage lina safu nne tu: kilo, mauzo, matumizi, kilichobaki.

Ujuzi wa ofisini nao haukufa, ila soko lake limebadilika sura. Wanafunzi wa shahada ya uzamili wanahitaji mtu wa kuwafundisha kusafisha na kuchambua takwimu zao. Ninawafundisha Jumamosi, na ninakataa kuwaandikia. Tafiti ndogo zinahitaji wadadisi na wasimamizi wa wadadisi. Kilichonichelewesha hapa si ukosefu wa kazi bali bei: nilikuwa nikijipima kwa mshahara wa zamani, na huku kazi zinalipwa kwa siku. Mume wangu ndiye aliyenieleza jinsi fundi anavyopanga bei: chukua unachohitaji kwa siku, zidisha mara mbili kwa sababu nusu ya siku zako hutakuwa na kazi, na malipo ya awali yachukuliwe kabla ya kushika bisibisi. Nimeifuata kanuni hiyo kwa kompyuta, na inafanya kazi vilevile.

Pesa ya siku ina tabia ya kuyeyuka ikiachwa kwenye simu, kwani kila anayekujua ana namba yako. Kwa hiyo nilijiunga na mchezo wa kina mama wa mtaani: watu 30, kila mmoja 5,000 kwa siku, na kila siku mmoja wetu anapokea 150,000. Kijumbe wetu, yaani anayekusanya pesa hizo, ni muuza mboga mwenye kumbukumbu ambayo mradi wetu ungeihitaji. Hapokei udhuru, na ukichelewa anakuja mwenyewe barazani na kusimama. Riba hakuna, na kwa mtu aliyezoea benki jambo hili linaonekana la kizamani, lakini mchezo unafanya kile hasa ambacho nyumba yetu ilikosa. Kwa miezi mitatu unatoa 450,000, ambayo ni nusu ya kodi yetu ya miezi hiyo. Cha kuangalia ni kijumbe ni nani, na nani anapokea kwanza: mgeni asipewe namba ya mwanzo, na wewe mgeni usiidai.

Kinyume chake kabisa ni mikopo ya haraka ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na bado wakopeshaji wa kausha damu hawajatoweka. Mkopo wa siku saba kwa mtu mwenye pesa ya siku ni kujitengenezea fungu jipya la kudaiwa juu ya yale yaliyokuwapo, na mkopeshaji akianza kuwapigia simu watu wote waliomo kwenye orodha yako ya simu, unapoteza hata wateja wa maharage. Anayehitaji mtaji, hasa mwanamke, akaulize halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mchakato wake ni mrefu na unataka kikundi, kwa hiyo usiutegemee kwa kodi ya mwezi ujao.

Limebaki la michango, ambalo kwa watu wengi ni gumu kuliko njaa. Kadi ya harusi ya mtu mmoja ni 100,000, ya wawili 150,000, na katika msimu mmoja makundi ya WhatsApp ya kamati yanaweza kukuingiza mara nne bila kukuuliza. Niliwaandikia wenyeviti wa kamati ujumbe mmoja mfupi: sina kazi kwa sasa, sitaweza kuchanga, nitakuja kusaidia siku ya kupika. Hakuna aliyenuna, isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa ananuna hata nilipokuwa nachanga. Misiba hatukuikata; tunatoa rambirambi ndogo na tunakwenda wenyewe, kwa sababu msiba ni bima ambayo hakuna benki inayoiuza. Ile 100,000 aliyokuwa akipata mama yangu mzazi kila mwezi tuligawana na kaka zangu, nami sasa namtumia 20,000 kila ninapofundisha. Aliniuliza jambo moja tu, kama wajukuu wanakula.

Hivi karibuni nimepata kazi ya muda ya kusimamia wadadisi wa utafiti mmoja mkoani. Maharage hayakusimama: nimemwachia wifi yangu jiko na daftari kwa makubaliano ya nusu kwa nusu ya faida, naye ndiye anayempelekea kijumbe ile elfu tano. Malipo ya utafiti, ambayo yanakuja kwa mkupuo, yatalipa kodi ya miezi mitatu ijayo, na kitakachozidi tumekubaliana kununua jiko la presha la pili, kwa kuwa kilo nne kwa sasa zinaisha kabla ya adhana ya magharibi na wateja wa mwisho wanarudi mikono mitupu.